Fimbo nyepesi kwa mkono wa yatima

Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa sita mwaka jana, baada ya Sala ya Alasiri. Tulikuwa tumeketi kwenye baraza ya msikiti tukipanga hesabu za michango ya paa, maana sisi ndio tulioaminiwa daftari la kamati, pale ustadhi wa madrasa alipotujia na daftari lake la mahudhurio. Hakusema neno. Alilifungua, akatuonesha kwa kidole mstari wenye jina la mtoto wa marehemu kaka yetu. Katika wiki tatu, kijana alikuwa amekosa siku saba.

Nyumbani, mama watoto hakushangaa. Alisema kanzu ya kijana imekuwa ikinuka tope kwa siku nyingi, naye alikuwa akitafuta namna ya kutueleza pasipo bibi yake kusikia. Harufu ya tope katika nyumba yetu si jambo dogo. Ina maana ya mto.

Wasomaji wa bonde hili hawahitaji kuelezwa. Masika yanapokwisha, maji ya Kilombero yaliyokuwa yametanda mbugani hurudi katika mkondo wake na katika mabwawa, na samaki waliokuwa wametawanyika hukusanyika humo. Kuanzia mwezi wa sita hadi vuli, kila mtoto wa Ifakara anajua kwamba kambale na perege wako karibu. Wandamba waliishi kwa elimu hiyo kabla ya reli na kabla ya daraja, kwa mitumbwi, migono na nyavu. Marehemu kaka yetu naye alikuwa mvuvi. Masika moja mtumbwi wake ulipinduka, na mwili ukapatikana siku ya tatu. Tangu hapo mama yetu hakutaka mto utajwe mbele yake. Shemeji alirudi kwa wazazi wake Lupiro, na kwa makubaliano ya pande zote kijana akabaki kwetu kwa ajili ya masomo. Mtumbwi na nyavu viliuzwa. Baada ya madeni kulipwa, mama akapata sudusi yake na mjane thumuni yake, na kilichobaki kikawa cha kijana. Kiko mikononi mwetu kwa amana, na kina daftari lake peke yake.

Wazo letu la kwanza lilikuwa la kila mzazi: kumfungia. Lakini kesho yake tulimfuata kwa mbali, na tulichokiona kilitubadilisha nia. Walikuwa watoto watano wamesimama ndani ya maji hadi magotini, kila mmoja amejizungushia mshipi kidoleni, wakitazama maji ya rangi ya chai ambayo hayaoneshi hata wayo wa mtu. Mamba wa mto huu hana haja ya kina kirefu. Huotea ukingoni, na huzoea mahali ambapo watu hurudi kila siku. Wale watoto walikuwa wakirudi pale pale kila siku.

Tuliwaita, wakatoka. Usiku ule sisi na mama watoto tulizungumza mpaka taa ikaishiwa mafuta. Mtoto aliyekatazwa kwa miaka mitano na bado akaenda, ataenda tena, na safari ijayo atachagua mahali tusipopajua. Tukaamua kwamba atavua, lakini atavua pamoja nasi, mchana, na kwa zana inayofaa. Tulikwenda kwanza kwa afisa uvuvi kuuliza taratibu, kwa kuwa uvuvi nchini una sheria yake, Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na mtu wa msikiti hapaswi kuwa wa mwisho kuifuata. Kisha tukaenda kununua zana. Hapo ndipo tulipokosea.

Tulinunua kwa macho. Muuzaji alituwekea mbele fimbo ndefu, nene, nyeusi, yenye rili kubwa inayong'aa. Rili, kwa asiyeijua, ni kile kigurudumu chenye mkono wa kuzungushia, kinachofungwa kwenye fimbo ili kukunja mshipi. Muuzaji akasema fimbo ile imetengenezwa kwa bahari na inamvuta hata papa. Mshipi wake ulikuwa mnene, wa kubeba kilo 20. Bei yake ilikaribia bei ya beberu. Tukajiambia kwamba kitu cha yatima hakipaswi kuwa hafifu, tukaitoa fedha katika amana yake, tukaandika daftarini: zana ya uvuvi. Njiani tulimkumbusha kijana mara mbili kwamba fimbo ile ni ghali na aishike vizuri.

Jumamosi ile mtoni, lililotokea la kwanza lilikuwa dogo. Kijana wa miaka 12 hakuweza kuirusha fimbo ile. Ilikuwa nzito mikononi mwake, na risasi aliyoitupa iliangukia hatua chache tu mbele ya miguu yake. Basi akasogea. Akarusha tena, akasogea tena. Nasi tuliokuja kumlinda na ukingo wa maji tukawa tumesimama naye kwenye ukingo wa maji, kwa sababu zana tuliyomchagulia haikuweza kuvua kutoka mahali pengine.

La pili lilitokea ghafla. Fimbo iliinama, na kijana akaanza kwenda. Hatukusikia kelele, wala maji hayakuruka. Ulikuwa ni uzito tu unaotembea kwa utulivu kuelekea katikati ya mto, na mtoto anaufuata huku visigino vyake vikichora mchanga. Breki ya rili ilikuwa imekazwa mpaka mwisho, na mshipi wa kilo 20 haukuwa na nia ya kukatika. Tulimkamata kiunoni tukampigia kelele aiache fimbo. Hakuiacha. Tulilazimika kuvibandua vidole vyake. Fimbo ikateleza mchangani, ikaingia majini, ikapotea.

Huenda lilikuwa gogo linalosukumwa na maji, huenda alikuwa kambale mkubwa, huenda alikuwa kiumbe mwingine. Tulipomuuliza kwa nini hakuachia, alijibu akitetemeka: "Baba mdogo, ulisema ni ghali."

Jioni ile tulifanya mambo mawili. La kwanza, tulirudisha katika amana ya kijana thamani yote ya fimbo kutoka mfukoni mwetu. Tulipokuwa chuoni tulisoma kwa urefu mlango wa mali ya yatima, na makemeo yaliyomo katika Surat An-Nisaa juu ya mwenye kuila. Siku zote tulidhani kuila ni kuila. Hatukufikiri kwamba mtu anaweza kuiteketeza kwa kujionesha, akanunua kinachopendeza macho yake mwenyewe halafu akaandika daftarini kwamba ni maslahi ya mtoto. La pili, tulimweleza mama ukweli wote. Mama watoto ndiye aliyesimama kidete kwamba asifichwe. Mama alisikiliza, akavuta mtandio wake usoni, akaingia chumbani. Kwa siku kumi hakutaja jambo lile.

Katika siku hizo tulimpigia simu mwenzetu wa chuoni, mwenyeji wa Tanga. Enzi zile alikuwa akitupeleka ufukweni siku za mapumziko kuvua gayogayo, yule samaki bapa anayelala juu ya mchanga na macho yake yote mawili yakiwa upande mmoja. Kambale wetu si jamaa yake, lakini kwa mvuvi wa ukingoni wanafanana kwa jambo moja: wote hutafuta riziki chini, sakafuni mwa maji, na wote huhitaji chambo kilichotulizwa pale kwa risasi. Gayogayo akikigusa chambo, ishara yake ni mtetemo mdogo tu. Fimbo nene haiuoni. Ndiyo maana wazee waliotufundisha kule walitumia zana nyepesi.

Mwenzetu hakutuuliza tuna fedha kiasi gani. Aliuliza maswali matatu: nani atashika, atasimama wapi, na samaki wa kawaida hapo ana uzito gani. Tukamjibu: mtoto wa miaka 12, mbali na maji kadiri iwezekanavyo, na kilo moja au mbili. Akacheka kwa masikitiko, akasema zana tuliyonunua ilijibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Kisha akatuelekeza, nasi tunayaandika maelekezo yake hapa kwa faida ya wazazi wenye watoto wapenda mto.

Fimbo iwe nyepesi, ya urefu wa kati. Kwa kijana wa kimo hicho, mita 2.4 zinatosha. Fupi kuliko hapo haitupi mbali, na ndefu kuliko hapo humchosha mkono akaanza kurusha ovyo. Karibu na mshikio, fimbo nyingi za dukani zimeandikwa uzito wa kurusha. Tafuta iliyoandikwa gramu 10 hadi 30, kisha utumie risasi iliyo katikati ya namba hizo. Fimbo hurusha kwa kupinda. Risasi ikiwa nyepesi mno haiipindi, na ikiwa nzito mno inaivunja. Ncha iwe laini, ili mtetemo wa samaki uonekane, na sehemu ya chini iwe ngumu kidogo. Kati ya fimbo zinazochomekana kwa vipande viwili na zile zinazofutika kama antena ya redio, chagua ya vipande viwili. Inayofutika ni rahisi kubeba, lakini ina maungio mengi, na mchanga ukiingia humo hukwama au huvunjika.

Rili iwe ndogo, ya aina ambayo kigurudumu chake hakizunguki wakati wa kurusha, bali mshipi hujichomoa wenyewe kwa mbele, kama uzi unavyochomoka kwenye kidonge chake. Ile nyingine, ambayo kigurudumu huzunguka pamoja na mshipi, inahitaji kidole cha mzoefu. Ikimshinda mtoto, atautumia mchana wote kufumua mafundo. Namba iliyoandikwa kwenye rili nyingi huonesha ukubwa wake, na 2500 au 3000 inafaa kazi hii. Usihesabu sana mng'aro. Zungusha mkono wake polepole na usikilize: ukisikia kusaga, iache. Halafu legeza breki na uvute mshipi kwa mkono. Breki nzuri huachia taratibu na mfululizo, na breki mbaya hukwama kisha huruka. Mwisho, ifunge rili kwenye fimbo na uziweke zote juu ya kidole kimoja, mbele kidogo ya rili. Zikilala sawa bila kuangukia mbele, mtoto ataweza kuzishika saa nzima.

Vijipete vya kupitishia mshipi navyo vina mtihani wao, nao hauhitaji fedha. Chukua kipande kidogo cha pamba, kipitishe ndani ya kila kijipete. Pamba ikinasa, kuna ufa, na ufa huo utaukwangua mshipi mpaka ukatike usipotarajia.

Jambo la mwisho alilolisisitiza ndilo tulilokuwa hatulijui kabisa. Mshipi huchaguliwa kwa nguvu yake, na pia kwa udhaifu wake. Kwa samaki wa kilo mbili, nailoni ya unene wa robo milimita, inayokatika kwa takribani kilo nne hadi tano, inatosha, kwa kuwa fimbo inayopinda na breki inayoachia hufanya nusu ya kazi. Chochote kilicho kizito kuliko hapo hatukukihitaji, na kikija lazima kiondoke. Mshipi ukatike, mtoto abaki.

Tuliagiza vitu hivyo Dar es Salaam, vikaja kwa basi. Bei ya vyote haikufika nusu ya ile ya kwanza. Hatukuigusa amana.

Siku ya kumi na moja, mama alitoka chumbani akatukuta barazani tukiujaza mshipi kwenye rili. Alisimama akatazama. Kisha akauliza: "Huo ndio wenyewe?" Tukamjibu ndiyo. Akanyoosha mkono, akauchukua, akaufunga kwenye nguzo ya baraza kwa fundo ambalo sisi hatulijui, fundo la mtu aliyeishi na wavuvi. Akaizungusha khanga kwenye viganja ili asijikate, akajitegemeza kwa mguu, akavuta. Ulinyooka, ukalia kidogo, ukakatika. Mama akayumba nasi tukamdaka. Akatutaka tuufunge tena, akavuta mara ya pili, ukakatika tena.

"Unakatika," alisema. "Na huyu akiambiwa aachie, ataachia?"

Kijana alikuwa amesimama mlangoni. Akasema: "Nitaachia, bibi." Mama akamtaka arudie, naye akarudia. Basi akaweka masharti yake, ambayo tumeyaandika katika daftari kama tunavyoandika maazimio ya kamati. Hakuna kwenda peke yako. Hakuna kwenda kabla jua halijapanda wala baada ya Alasiri, maana viboko hutoka majini jioni kwenda malishoni, na aliyesimama kati ya kiboko na maji yuko mahali pabaya. Hakuna kukaa mahali pale pale wiki mbili mfululizo. Hakuna kumpasua wala kumwosha samaki mtoni. Na juzuu isomwe kwanza.

Sasa tunakwenda Jumamosi, asubuhi, baada ya darasa la madrasa. Ustadhi hutania kwa kutukumbusha kisa cha watu wa Jumamosi katika Surat Al-A'raf, nasi humjibu kwamba siku yetu ni Ijumaa na hatujaivunja. Tunachagua ukingo wa mchanga ulioinama taratibu, usio na majani, ambako tunaona pande zote. Kutoka kwenye maji tunahesabu hatua 15, tunapigilia kigingi, na hakuna anayekivuka. Kwa fimbo nyepesi kijana huitupa risasi ya gramu 20 kutoka kwenye kigingi, ikapita juu ya mchanga wote na kuangukia mbali ndani ya mkondo. Samaki akishika, kijana hakimbilii maji. Huinua ncha, huiacha breki ifanye kazi, kisha hurudi nyuma hatua kwa hatua huku akikunja, mpaka samaki anaburutika mchangani na kuja mwenyewe hadi kwenye kigingi. Akikatika, anakatika. Tumepoteza ndoana nyingi kwa njia hiyo, na kila moja tumeihesabu kuwa ya bei nafuu.

Chambo ni minyoo, au utumbo wa kuku kwa kambale, na tonge la ugali mgumu kwa perege. Wadogo huwarudisha majini, kwa kuwa dini haituruhusu kuua kwa mchezo. Baadhi ya majirani wametuuliza kuhusu kambale, kwamba hana magamba. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, samaki wa majini ni halali, mwenye magamba na asiye nayo. Rili hufutwa kwa kitambaa kikavu kila tunaporudi, na kamwe hailazwi mchangani.

Mwezi wa tisa ulikuja uzito mwingine. Tulikuwepo, tuliuona. Fimbo iliinama mpaka ncha ikatazama maji, breki ikalia mfululizo, mshipi ukaenda na kuendelea kwenda. Kijana aliangalia nyuma mara moja, akatutazama. Hatukumwambia kitu. Akafungua vidole vya mkono mmoja, akabaki ameishika kwa mwingine, tayari. Kabla hajaulegeza wa pili, mshipi ulikatika, na fimbo ikanyooka hewani. Alikaa chini mchangani, mbele ya kigingi hapana, nyuma yake, akacheka. Sisi hatukucheka. Tulitazama juu, kule ambako Daraja la Magufuli, lililozinduliwa mwaka 2018, linavuka na magari ya Mahenge yanapita, mahali ambapo kaka yetu alikuwa akiuvuka mto kwa kasia, tukamshukuru Allah (SW) kwa uzi wa robo milimita.

Siku ile tulirudi na perege wawili tu. Kijana mwenyewe alimpelekea bibi yake aliyekuwa mkubwa zaidi. Mama hakuwa amekula samaki wa mto tangu msiba. Alimtazama kijana, akamtazama samaki, akaomba kisu na ungo, akaketi kwenye mbuzi wa kukunia nazi uani na kuanza kuparua magamba. Mama watoto alitaka kumsaidia, akakatazwa kwa ishara ya mkono.

Daftari la ustadhi nalo tumelitazama juzi. Tangu mwezi wa saba, mstari wa kijana umekosa alama mara moja tu, na siku hiyo alikuwa na homa.

Wazazi wenzetu wa Kibaoni, Mlabani, Viwanja Sitini na kote bondeni, mto hauhami, na watoto watauona kila siku ya maisha yao. Ukienda dukani kumchagulia mtoto fimbo, usimwulize muuzaji itavuta nini. Mwulize itaachia lini. Na ukiwa na mali ya yatima mkononi, jiulize mara mbili kile unachokinunua kinayapendeza macho ya nani.

Tunamwomba Allah atuhifadhie watoto wetu, na amrehemu kaka yetu na wote waliochukuliwa na maji. Amin.